Kinyozi Aliyeogopa Kukata

Wateja walimpa jina la Taratibu, naye hakulikataa. Lilitokana na mkono wake. Vinyozi wengine wanakukalisha kitini, wanakupitishia mashine kama mtu anayefyeka uwanja wa mpira, na kabla hujajibu salamu umeshapanguswa shingo na kuambiwa inuka. Taratibu alikuwa akikizunguka kichwa chako kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuinunua. Anainama, anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anakata kidogo, anajitilia shaka, anakata kidogo tena. Watu wenye haraka walinyolewa nusu leo na nusu kesho. Hapo natia chumvi, lakini si nyingi.

Duka lake lilikuwa kwenye kituo cha mabasi: chumba kimoja, kioo kirefu chenye ufa pembeni, kiti cha chuma cha kuzunguka, na mkanda wa ngozi wa kunolea wembe ukining'inia kwenye msumari. Alifungua kabla basi la kwanza halijaondoka, maana kuna abiria ambaye hawezi kwenda kuomba kazi au kuposa na ndevu za jana. Alifunga basi la mwisho likishaingia, maana kuna mwingine ambaye hataki mkewe amwone na sura ya safari. Kwa hiyo nyumbani kwake walivijua zaidi viatu vyake mlangoni kuliko walivyoujua uso wake. Jumapili alikuwepo, ndiyo, ila alilala kama gunia mpaka jua linapoa.

Kazi ile ilimlisha, na ilimchukua pua. Miaka yote ya spiriti, poda na manukato ya kidevu ilimwacha hanusi kitu. Mkewe, aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani iliyokaa barazani, alikuwa na mzaha wake juu ya hilo. Akiunguza chakula anampakulia mumewe kwanza, kisha anakaa kumtazama anavyokula kwa raha zake.

Mkaratusi ulifika kwenye nyumba ile kama kila kitu kilivyofika, yaani giza likiwa limeingia na yeye akiwa hoi. Mteja mmoja aliyefanya kazi kwenye kitalu cha miche alimpa mche ndani ya mkebe wa maziwa, umezungushiwa gazeti kuanzia chini mpaka juu ili usivunjike kwenye basi. Taratibu akauweka nyuma ya mlango hivyohivyo na gazeti lake, akala, akalala. Alfajiri akaondoka, na kusema kweli akausahau.

Siku aliyouona mchana kweupe ni siku ambayo mgongo ulimkatalia kuinuka kwenda kazini. Alijikokota mpaka uani, akashika kiuno, akainua macho. Mti ulikuwa umesimama karibu na jiko la nje, umenyooka, umeshalipita paa. Majani yake yalikuwa marefu, membamba, yamepinda kidogo kama mundu, yananing'inia na kugeukageuka kila hewa ikipita.

"Huu ndio ule?" akauliza.

"Ndio ule," mkewe akajibu kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Akaupenda palepale. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mtu mzima, mgongo unamuuma, amesimama uani ameachama. Kuanzia siku hiyo kila aliyeketi kwenye kiti chake alisimuliwa habari za mkaratusi. "Mti wangu," anamwambia mtu ambaye kidevu kimejaa povu na hawezi kubisha. "Nimeulea mwenyewe, kutoka kwenye mkebe." Alilisema hata mbele ya mkewe, wageni wakija nyumbani. Mkewe akawa anaukata uzi kwa meno, anaendelea kushona.

Kituo cha mabasi kilipohamishiwa nje ya mji, miguu ya Taratibu ilikuwa imeshazeeka mno kukifuata. Akafunga duka. Kile kiti cha chuma akakileta nyumbani kwa mkokoteni, akakiweka chini ya mti, na wateja wake wakongwe wakamfuata hukohuko. Kioo alikifunga kwenye shina kwa kamba, maana alisema hawezi kumpigilia mwenzake msumari. Maganda ya shina yalipoanza kubanduka vipande virefu, aliyatoa kwa vidole, yale yaliyokuwa tayari tu, na yaliyokuwa bado akayaacha. Majani yaliyoanguka aliyafagia kila asubuhi kama anavyofagia nywele dukani.

Lakini kukata hakukata. Mtu aliyeishi kwa kukata maisha yake yote hakuondoa hata kijiti.

"Baba," mkewe alimwambia siku moja, "lile tawi la juu ya jiko silipendi."

"Lina nini?"

"Linanitazama."

Taratibu akacheka mpaka akakohoa. "Nitalipunguza, mama, nitalipunguza." Hakulipunguza. Alipoulizwa tena akajieleza vizuri zaidi: "Nywele ukikata zinarudi. Mti ukikata, umekata."

Tawi lilianguka mchana wa jua kali, hakuna upepo, hakuna mvua, hata nguo kwenye kamba zilikuwa zimetulia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake nje ya jiko anachambua mboga, akainuka kuingia ndani kufuata chumvi. Kufumba na kufumbua, mlio, halafu vumbi. Alipotoka, kopo la chumvi mkononi, kigoda kilikuwa vipande na mboga zimetapakaa hadi ukutani. Taratibu alikuja mbio na kitambaa cha kunyolea begani. Wote wawili wakasimama wanakitazama kile kigoda. Hakuna aliyepiga kelele, na labda ingekuwa nafuu wangepiga.

Binti yao wa pekee, muuza dawa, alikuwa amejifungua wiki zile. Nyumba yake haikuwa mbali, na mama alikuwa akienda na kurudi kumsaidia. Jioni ile mama alitoa begi kubwa juu ya kabati.

"Nitayakata yale mengine, mama," Taratibu akasema akiwa amesimama mlangoni.

"Mengine yako mangapi huko juu? Wewe unayajua yote?"

"Kwa hiyo unaniambia nichague."

"Tangu lini nikakuambia uchague? Nakwambia naogopa." Alikuwa anakunja khanga, anaikunjua, anaikunja tena. "Nikilala nayasikia majani, nikiamka nayasikia. Zamani yalikuwa yananibembeleza. Sasa hivi nikiyasikia nashika ukuta. Niache nikakae na mtoto kidogo."

Akafunga zipu ya begi, na Taratibu akalibeba mpaka kwa binti yao.

Nyumba ikapwaya. Alikuwa anakwenda kwa binti yake kila siku, anaketi ukumbini mikono mapajani, kama mgeni. Wakimpa mtoto amshike anamshika kwa ncha za vidole, viwiko vimekakamaa.

"Baba, mshike vizuri," binti yake akamwambia. "Huyo si wembe."

Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho juu ya kile kichanga, nacho ni nywele. Mtoto alikuwa na nywele laini, nyeusi, zimelala kichwani kama zimepakwa maji, na bibi mmoja jirani alikuwa ameanza kunong'ona kwamba hakuna mtu wa ukoo mwenye nywele hizo. Taratibu alikivuta kichwa kile karibu, akafumba jicho moja.

"Hizi si zake," akasema. "Hizi ni nywele za kichanga. Zitatoka zote, halafu ndiyo zije za kwake, na hazitafanana kabisa na hizi. Nimenyoa watoto mpaka wamekuwa akina baba, mimi. Msizihesabu hizi."

Mkewe alikuwa pembeni anakunja nepi. Alisikia, akatabasamu, akaendelea kukunja.

Taratibu alivumilia mpaka akashindwa. Chai alijichemshia ikawa maji ya moto tu. Alipiga pasi akaunguza kola, na kwa kuwa hanusi, aligundua alipoivaa. Usiku alijigeuza kitandani anayasikiliza majani, na kwa mara ya kwanza naye akayasikia kama mkewe anavyoyasikia. Asubuhi moja akapiga moyo konde, akaenda kumwita mkata miti.

Mkata miti alikuwa mtu mnene mwenye msumeno wa injini na ucheshi wa bure. Aliuzunguka mti, akaupigapiga kiganja.

"Nikipunguza juu tu, matawi yatatoka upya dhaifu kuliko haya, na yataanguka tena. Dawa yake ni chini kabisa, usawa wa goti. Usiwe na wasiwasi, mzee. Mkaratusi haufi kirahisi, na mvua ndiyo hizi. Utachipua."

"Una hakika?"

"Mzee, mimi nakata, unachipua, naitwa tena. Ndiyo ninavyokula."

Taratibu hakuweza kutazama. Alikwenda kukaa kwa fundi viatu, jirani yake wa siku nyingi na mteja wake, akajifanya ana kisigino kilichobanduka. Fundi viatu alikigeuza kiatu kizima mkononi, akaelewa, akakigongagonga kwa nyundo bila sababu mpaka mlio wa msumeno ukakoma. Jirani wa namna hiyo ni mali.

Aliporudi, ua ulikuwa mweupe kwa mwanga, na ukuta wa jiko, ambao hakuwahi kuuona wote, ulikuwa na madoa. Kisiki kilikuwa kibichi, kinatoa maji. Taratibu alisimama kidogo, kisha akaingia ndani, akatoa kitambaa chake cheupe cha kunyolea, akakifunika kisiki kisipigwe na jua.

Jioni akaenda kumwambia mkewe. "Nimeukata."

"Umekata nini? Tawi?"

"Mti."

Mkewe aliweka chini kijisoksi alichokuwa anamvua mtoto. Machozi yalimtoka hapohapo, bila kwikwi. "Jamani, baba. Nimekuulia mti wako."

"Haujafa. Utachipua. Mkata miti amesema."

"Hao si wanasema tu."

Taratibu alikuwa amejiandaa kupewa pole, au hata kupongezwa. Hakujiandaa kumwona mkewe analia kwa ajili yake. Wakakubaliana kwamba mkewe atarudi nyumbani siku mama mkwe wa binti yao atakapofika kupokea zamu ya mtoto. Na njiani, peke yake, Taratibu akajiwekea neno: siku mkewe anaingia mlangoni, atakuta kisiki kina majani. Hataingia kwenye nyumba yake akiwa na mzigo wa kuua mti. Hilo ndilo alilolitaka duniani wakati ule, na hakutaka jingine.

Basi akaanza kuuguza kisiki. Alikimwagilia asubuhi na jioni hata mvua ikiwa imenyesha. Kitambaa alikitoa jua likipungua. Alipiga magoti, akafumba jicho moja, akalikagua ganda lote. Hatimaye siku moja akaona vipele vyekundu vinajitokeza kwenye ganda, na moyo ukamruka.

Vipele vikapasuka, vikatoa majani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Majani hayakuwa yenyewe. Yalikuwa ya mviringo, mapana, hayana kikonyo, yamekaa mawili mawili yakitazamana, yameushika mti kama masikio. Vijiti vyake vilikuwa na pembe nne, si mviringo. Na rangi! Samawati iliyopauka, kijivujivu, kana kwamba mtu ameyapulizia poda. Taratibu aliokota jani kavu la zamani lililobaki nyuma ya jiko, refu, jembamba, lililopinda, akaliweka sambamba. Hata kipofu angekataa. Mtu mwingine angeyasugua na kuyanusa, mambo yakaisha. Lakini pua ya kunusia ilibaki kituo cha mabasi.

Akamwita fundi viatu. Fundi viatu akavaa miwani, akaliangalia jani kavu, akaangalia yale mabichi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Siyo yenyewe."

"Eti siyo?"

"Mkaratusi naujua, bwana. Hospitali kuna safu nzima, majani yote marefu. Haya ni magugu. Mbegu imeletwa na ndege, imeona mahali pana unyevu, imejipachika. Yanamnyonya mwenzio huyo. Ukiyaacha, yenyewe yatatokea wapi?"

Maneno yakaingia. Taratibu alikwenda kuchukua wembe, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka ukalia vizuri, akarudi, akapiga magoti. Akanyoa. Alinyoa kwa ule mkono wake wa zamani, polepole, kufuata mkunjo wa ganda, asiuguse mwili wa mti. Alipomaliza akapangusa pote kwa spiriti, maana ndivyo alivyofundishwa tangu ujana: ukishanyoa, pangusa. Kisiki kikang'aa kama kidevu cha bwana harusi.

Yakaota tena. Akanyoa tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi kabla ya chai, na siku ambazo wateja walimkuta kwenye kazi hiyo walisubiri. Kwa binti yake aliulizwa kila siku.

"Umechipua?" mkewe anauliza.

"Bado. Magugu tu."

"Magugu gani yanayoota juu ya kisiki?"

"Yapo. Nayanyoa kila..." Lakini mtoto akalia, nepi ikawa imelowa, maji ya kuoga yakaanza kuchemka, na mazungumzo yakafia hapo. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila siku. Mwenye kichanga ndani hamalizi sentensi.

Kadiri siku zilivyokwenda, yale majani ya mviringo yakawa yanapungua. Yalitoka machache, membamba, tena kwa kuchelewa. Taratibu akafurahi. Akamwambia fundi viatu kwamba magugu yamesalimu amri, sasa ni zamu ya yenyewe. Nikiwaza furaha ile hadi leo nashindwa kujua nicheke au nimsikitikie.

Siku ya mkewe kurudi, ua ulifagiliwa tangu alfajiri. Kiti cha chuma kilipanguswa. Kigoda kipya, alichokitengenezesha kwa seremala, kiliwekwa nje ya jiko. Upande wa kisiki unaotazama ukuta kulikuwa na chipukizi moja tu lililokuwa limemponyoka, urefu wa kidole, majani mawili kila pingili. Taratibu alilala karibu kifudifudi kulifikia. Kwa kuwa majani marefu hayajatoka, alijisemea, angalau mama akute kisiki kisafi.

Alisikia mlango wa mbele, sauti ya binti yake, mtoto akitoa vijisauti, halafu nyayo anazozijua zikivuka baraza.

"Baba! Acha!"

Mkono ukaganda, wembe ukiwa umeshaligusa ganda. "Karibu, mama. Namalizia haya magugu."

"Magugu!" Mkewe alikuja na nguo zake za kutokea, akapiga magoti palepale kwenye udongo uliolowa, akamshika kifundo cha mkono na kukisogeza pembeni kama mtu anayeondoa sufuria motoni. Akainama kulitazama lile chipukizi. Akaligusa jani kwa ncha ya kidole, na ile poda ikabaki kidoleni. "Umekuwa unayanyoa haya? Haya?"

"Kila siku. Yanaunyonya mti."

"Baba, huu ndio mti."

Taratibu alicheka kidogo, cheko la adabu. "Hapana, mama. Mkaratusi majani yake..."

"Lile gazeti ulilifungua?"

"Gazeti gani?"

"Lililozungushiwa ule mche. Nililifungua mimi, wewe umeshakwenda kazini. Ulikuwa hivi. Hivihivi, na poda yake. Nikaupanda mimi hapa, kwa sababu ya kivuli cha jiko. Mwaka wa kwanza ulikuwa hivi, na uliofuata. Nikiinua macho kwenye cherehani nauona. Huyu hapa akiamka," akamwonyesha binti yao kwa kidevu, "nambeba namleta ayaguse. Alikuwa anajipaka huo unga mashavuni. Yale marefu yalikuja baadaye, ulipopita dirisha. Wewe uliukuta mkubwa."

"Lakini hayafanani kabisa," akasema, na sauti ilikuwa imeshaanza kumpungua.

"Uliwaambia nini juu ya nywele za mjukuu wako?"

Taratibu alikitazama kichwa cha mjukuu wake begani kwa mama yake. Juu pale nywele zimeshaanza kunyonyoka, na pembeni mwa sikio vimeanza vinywele vipya vilivyojikunja. Akautazama wembe. Akatazama kisiki chote, kilichong'aa, kisicho na kosa hata moja. Maisha yake yote hakuwahi kunyoa vizuri namna ile.

"Nimekuwa nauua kila asubuhi," akasema. "Na spiriti juu."

"Spiriti!" Binti yake akaziba mdomo, lakini cheko lilishamponyoka, na mama naye likamshinda, akacheka huku amepiga magoti, mkono mmoja kwenye kisiki. Taratibu hakucheka. Uso ulimkunjamana, akaanza kulia kwa sauti kama watu wasiozoea kulia.

Mkewe aliacha kucheka. Aliokota jani lililonyolewa jana, akalisugua viganjani, akamsogezea mumewe puani. Taratibu alivuta. Harufu hakuipata, kama kawaida yake. Lakini ubaridi ulimpanda puani mpaka nyuma ya macho, ule ubaridi wa manukato ya kidevu, na macho yaliyokuwa yanalia yakazidi kuchuruzika.

"Ndio wenyewe," akasema.

"Ndio wenyewe. Na hili moja limebaki. Mti huu ni mkaidi; wewe liache hili likue."

"Utalipita paa tena. Nawe utaogopa tena."

"Hautapita. Ukifika usawa wa dirisha unaunyoa. Si unarudi? Basi nyoa. Umepata mteja asiye na basi la kuwahi."

Akafunga wembe, akautia mfukoni. Alikaa chini kabisa, matakoni, kwenye tope, na hakuna aliyemwambia ainuke. Alikuwa na jambo, na kwa kuwa ni Taratibu, lilichukua muda kufika.

"Miaka yote hiyo," akasema, "nawaambia watu mti huu nimeulea mimi. Wewe umekaa pale unanisikia. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaufurahia. Nikunyang'anye ili nipate nini?"

Hapo ndipo lilipomwingia sawasawa. Si habari ya mti. Alimtazama binti yake, mama mzima sasa, anayembembeleza mwanawe kwa kuyumba taratibu kutoka mguu hadi mguu, na akatafuta kichwani mwake sura ya binti huyo akiwa mdogo kiasi kile, akakuta viatu vyake mwenyewe mlangoni na kitanda chenye giza. Huyu naye alimkuta mkubwa.

Alisimama, akavuta kile kigoda kipya mpaka karibu na kisiki, akamkalisha mkewe. Yeye akarudi kukaa chini. Binti yao akamshushia mtoto mapajani bila kuulizwa, na safari hii babu alimpokea kwa mikono yote, viwiko vimelegea.

"Haya, nisimulie," akamwambia mkewe. "Usiruke kitu."

"Mti?"

"Mti utasubiri." Akamwonyesha binti yake kwa macho. "Huyu. Nywele zake za kichanga, zilikuwaje?"

Mkewe alivuta khanga magotini, akafikiri.

"Zilikuwa nyekundunyekundu," akaanza, "na asubuhi zilikuwa zinanuka maziwa."

Taratibu akainama, akaweka pua yake juu ya kichwa cha mjukuu wake, akavuta pumzi.